Ladha ya Marehemu

Godelieve alipiga funda moja la bia, akasahau kulimeza. Ilikuwa bia ya marehemu mumewe.

Ukali uleule wa tufaha bichi, harufu ileile ya blanketi la farasi. Tangu amzike, yeye alikuwa akipika kwa ngano ileile na maji yaleyale, akaambulia kitu kama maji ya kuoshea vyombo. Na leo jirani, aliyeanza kazi juzijuzi tu, anawaonjesha watu pipa lake adimu!

"Nani kakufundisha bia hii? Ni yeye?"

"Hata salamu hatukuwahi kupeana, mama. Nikishapika, naiacha usiku kucha wazi chini ya dari. Wadudu wa chachu wanaokaa kwenye mbao wanashuka, wanaichachusha. Si ndivyo tunavyofanya wote huku kwenye bonde la mto Senne?"

"Usinifanye mtoto! Hata mimi naiacha wazi. Mbona kwangu hawashuki?"

Jirani aliinua mabega, macho yakamponyoka kwenda juu. Godelieve akayafuata. Dari lilikuwa la mbao nyeusi zilizojaa utando wa buibui, na kwenye ubao mmoja palikuwa na alama ya kwato iliyochomwa kwa chuma cha moto. Chuma kile alikuwa nacho mumewe peke yake.

"Hizo si zangu?"

"Za paa la zamani la pale unapopikia. Ulipoezeka bati baada ya msiba uliniambia nizizoe zote, uchafu mtupu. Umesahau?"

Godelieve alipanda juu ya benchi na viatu vyake vya kanisani, watu wote wakimtazama, akaubandika pua ule ubao.