Benchi Lisiloingia Chini ya Ngazi

Kwa miaka tisa, fundi Elihu alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi Marafiki wenzake, Wakristo wale wanaoabudu kimya, wawaachie huru watumwa wao. Mwishowe wote walikubali. Ndipo Mzee Tobia alipomjia karakanani.

"Ndugu Elihu, hawa tuliowaachia huru wanataka kusali nasi. Tutengenezee benchi la kuweka kule nyuma, chini ya ngazi."

Elihu alichukua mbao nzuri alizojiwekea kwa ajili ya kitanda chake, akazipiga randa siku sita.

Jumapili benchi lilibebwa hadi nyumba ya ibada. Lilikuwa refu mno, halikuingia chini ya ngazi. Mahali pekee palipolitosha palikuwa mbele, katikati ya ukumbi.

"Umekosea vipimo?" Tobia aliuliza.

"Sikukosea, mzee. Nilipima watu, sikupima ngazi."

Tobia aligeuka, akaenda kuketi.

Kezia, aliyepika miaka ishirini nyumbani kwa Tobia akiwa mtumwa, alikuwa akisubiri mlangoni na wenzake. Elihu alimpungia mkono. Kezia akapita katikati ya watu, mgongo umenyooka, akaketi kwenye benchi lile, mbele kabisa. Wenzake wakamfuata. Elihu alijaa furaha hata akashindwa kuinamisha kichwa kusali.

Ilibaki nafasi moja kando ya Kezia. Kimya cha ibada kilipotanda, mke wa Tobia aliinuka kitini pake, akakusanya gauni lake, akaanza kutembea kuelekea mbele.