Punda wa Mfalme

Punda alitokea kwenye karatasi ya arobaini na mbili.

Tangu asubuhi Mama Rula alikuwa akisahihisha swali moja tu: linganisha maisha ya wafalme wawili wa zama hizi na urithi waliouacha. Mfalme wa Reli alitandika njia ya treni nchi nzima, kisha akapinduliwa na askari wake mwenyewe. Mfalme wa Redio alijiuzulu kwa hiari, akawaaga watu redioni na kumwachia binti yake kiti. Majibu yalikuwa yale yale ya kila mwaka, mengine ukisoma unapiga miayo.

Sasa huyu naye kaandika: "Asubuhi aliyopinduliwa, punda wake aligoma kutoka bandani. Mwenzake alijiuzulu siku mbili baada ya kung'olewa jino."

Mama Rula akaweka kalamu nyekundu chini. Kitabu gani cha historia kina punda? Wafalme hao alikuwa amewafundisha miaka thelathini, madarasa ya watoto sitini sitini, wengi wao wakisinzia, na hakuwahi kusoma popote habari za punda wala za jino. Akafukua rundo la kituo kingine. Huko, kwenye karatasi ya chini kabisa, mwandiko tofauti na namba tofauti: punda, banda, jino.

"Hawa wamekula njama," akasema.

Mkuu wa meza yao ya usahihishaji, mzee mwenye kipara na subira nyingi, akaja na kikombe chake cha chai. Alikuwa anamjua huyu mama. Mama Rula angeweza kuishuku hata saa ya ukutani kwamba imechungulia saa ya jirani.

"Vituo viwili mbalimbali, dada. Wamenakiliana vipi, ndotoni?"

"Hawakunakiliana. Kuna mtu kapenyezewa swali kabla ya mtihani, akawatungia jibu haraka haraka, na uongo akaupakia juu."

Fomu ya udanganyifu ilikuwa ya rangi ya waridi. Ukishaijaza na mkuu wa meza akasaini, mtahiniwa anafutiwa matokeo yote na hagusi mtihani tena kwa miaka mitatu. Mama Rula aliujua uzito wake na ulimuuma, maana mmoja wa watoto hao alikuwa ameandika vizuri sana, hoja zimepangika mpaka raha. Lakini hilo nalo likamzidishia shaka. Akajaza fomu mbili, akatia sahihi yake.

Mkuu wa meza hakutia ya kwake. Alikwenda ofisini kupiga simu vituoni, akakawia, na Mama Rula akaanza kumshuku hata yeye. Aliporudi alikuwa na kikaratasi chenye namba ya simu. Watahiniwa wote wawili walikuwa wakisoma masomo ya ziada kila Jumamosi kwa mwalimu mmoja.

"Si nilikwambia?" Mama Rula akasema.

"Tumuulize kwanza. Nikisaini mimi, watoto wamekwisha, na yeye kazi hana."

Wakaenda ofisini wote wawili. Mzee akabonyeza namba, akaweka spika, akamsukumia Mama Rula simu.

"Haloo," akasema Mama Rula. "Nina maswali machache, na nataka majibu yaliyonyooka."

Upande wa pili sauti ya mwanamume ikasema, "Shikamoo, mwalimu."

Mama Rula akaifunika simu kwa kiganja. "Umesikia? Sijamwambia mimi ni nani. Kajuaje kwamba ni mwalimu? Huyu ameshatonywa."

Mzee akakuna kipara. Sasa hata yeye aliingiwa na wasiwasi.

"Marahaba," Mama Rula akaitikia shingo upande. "Habari ya punda wa mfalme umeitoa wapi? Na ya jino? Usinizungushe, kuna watoto wawili hapa wanakaribia kupoteza miaka mitatu kwa ajili yako."

Mzee akaitoa kalamu mfukoni na kuzivuta zile fomu mbili karibu yake.

"Sema. Nani alikupa?"

"Mbona unaniuliza mimi, mwalimu?" Sauti ile haikuwa na hofu hata chembe, ilikuwa na mshangao mtupu. "Si wewe mwenyewe? Darasa letu lilikuwa linawachanganya wale wafalme, ukatuambia punda ni wa aliyepinduliwa, jino ni la aliyejiuzulu. Mimi nimewafundisha watoto hivyo hivyo miaka yote hii. Kumbe si kweli?"