Kizingiti cha Bafu

Gurudumu la kiti cha mama liligonga kizingiti cha bafu, likarudi nyuma.

Binti alikitazama kile kizingiti kipya, kilichoinuka kimo cha kiganja, kilichopambwa kwa vigae vya buluu. Alipomwajiri fundi katika nchi hii ya ugeni, alimweleza mpaka mate yakamkauka: sakafu iwe sawasawa, mama yangu hatembei.

"Nimekuongezea urembo," fundi alisema, mikono kiunoni. "Nyie wageni hamjui. Huku kwetu, bafu lisilo na kizingiti ni zizi la ng'ombe."

"Na mama yangu ataingiaje?"

"Ah, dada! Bibi mwenyewe mwepesi. Si mtakuwa mnambeba tu?"

Mama akainamisha kichwa, akavuta shali ikafunika magoti. "Yaishe, mwanangu. Nitaoga kwa ndoo kulekule chumbani."

Binti, ambaye hata akikanyagwa barabarani huomba radhi yeye, safari hii alimpita fundi bila kuomba njia. Akainama, akachukua nyundo kwenye mfuko wa fundi.

"Dada, kazi yangu hiyo! Utaiharibu!"

"Mama," alisema, akiinyanyua ile nyundo kwa mikono miwili, "funga macho. Vigae vitaruka."