Mlango wa Uani

Bi Saumu alibandika pazia la mwisho, kipande cha leso kuukuu, kwenye nyumba ya mwanasesere aliyoiunda kwa maboksi. Mjukuu wake Mwanakombo akaizunguka, akaridhika na kabati la vibiriti, kisha akauliza, "Bibi, mlango wa uani uko wapi? Mwanasesere akiishiwa chumvi atapita wapi kwenda kwa jirani?"

"Atapita mbele, kama mgeni."

"Jirani gani huyo anayeendewa kama mgeni?"

Bi Saumu akacheka kidogo. Mlango wake mwenyewe wa uani aliukomea tangu alipogombana na jirani yake, Bi Mkasi. Akachukua kisu, akatoboa mlango mdogo. Kisha akaenda uani, akavuta komeo lililoshika kutu.

Upande wa pili, Bi Mkasi alikuwa akitwanga. Mchi ukanyamaza.