Sufuria ya Kuazima

Mwanakombo alisubiri mpaka sinia zote zikaliwa nusu, ndipo akainuka mkekani.

"Bi Shemsa, hongera kwa harusi ya mwanao. Pilau imekolea."

"Ahsante, shoga. Mbona huli?"

"Nimeshiba kwa kuwatazama. Hivi wapishi wamekwambia? Sufuria yao ilitoboka alfajiri, wakaja kuazima yangu. Ile kubwa yenye mkono mmoja."

Wanawake waliacha kutafuna. Wote waliijua sufuria hiyo. Ndiyo iliyopikiwa wali wa hitima ya mume wa Mwanakombo, fundi wa mtambo wa nyuklia ng'ambo ya mto, aliyekufa kwa kuumwa na nyoka. Siku ile Bi Shemsa alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba vyombo vya fundi yule vimeshika mionzi. Hakuja mtu. Wali wote Mwanakombo aliufukia mwenyewe nyuma ya nyumba.

"Umetuua!" mmoja alilia, akitema tonge kwenye kanga.

"Mimi? Mwulizeni mwenye harusi kama sufuria yangu ina sumu. Yeye ndiye mtaalamu."

Bi Shemsa alilitazama tonge alilokuwa amelishika. Akisema ina sumu, amewalisha wakwe zake sumu. Akisema haina, basi alimsingizia marehemu.

Mama wa bwana harusi aliisukuma sinia mbele yake, taratibu.

"Sema, mkwe mwenzangu. Tule, au tuache?"

Tonge lilikuwa bado mkononi mwa Bi Shemsa, na mafuta yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.