Shada la Mohan

Siku ya kupumzisha vyombo vya kazi, maabara nzima ya Hyderabad ilikuwa imevishwa mashada ya maua ya manjano, mashine kwa mashine. Aliyekuja kazini ni Sharada peke yake.

"Mama, leo hata jokofu lina sikukuu," Yadagiri, mlinzi mpya, alimtania Sharada. "Wewe huna kwenu?"

"Nina Mohan wa kulisha."

"Bwana? Bado hajapata nafuu?"

"Uvimbe unazidi kukua," alisema, akapita zake.

Asubuhi mdogo wake alikuwa amempigia simu. "Dada, njoo tule sikukuu. Upweke huo utakumaliza."

"Nikija huko, nani atamlisha Mohan?"

Mdogo wake aliangua kilio. Sharada akakata simu, akala wali wake wa ukwaju akiutazama ukuta. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa kichupa cha protini kilikuwa mbele yake. Saratani ni laghai: huwaonyesha askari wa mwili, zile chembe za kinga, kitambulisho cha mwenyeji, nao wakaiacha. Protini hii, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye ngozi ya askari hao, ikitengenezwa peke yake hukifunika kitambulisho chenyewe. Hapo laghai hana pa kujificha.

Mohan alikuwa ameshamwahidisha. "Ikiwa tayari, anza na mimi. Tena usinionee huruma, nakujua wewe."

Ilikuwa tayari tangu mvua za mwanzo. Sharada ndiye aliyekuwa hajawa tayari. Kila wiki alizua kisingizio kipya. Leo vilimwishia. Alidondosha tone, pamoja na askari wa mwili walio hai, huku akilia waziwazi, maana hapakuwa na wa kumwonea aibu.

Kesho yake alitoka macho mekundu, shada la maua mkononi.

"Imefanya kazi," alimwambia Yadagiri. "Saratani yote imekufa."

"Ashukuriwe Mungu! Basi bwana kapona."

Sharada aliitikia kwa kichwa. Njiani alimpigia mdogo wake, akamwambia anakuja.

Alipofika nyumbani aliivisha picha ya Mohan shada lile, kama zivishwavyo picha za marehemu wote. Alikuwa amekataa kufanya hivyo tangu walipouchoma mwili wake, miaka mitatu iliyopita, kwa sababu ule uvimbe waliomkata hospitalini ulikuwa ungali hai katika sahani ya maabara, ukila mkononi mwa Sharada.