Hodi Mikokoni

Tangu wakubwa waanze kutia sauti za marehemu kwenye mikoko ili tusiikate, mpimaji hupita akiipigia hodi. Mti ukiitika hupakwa chokaa, ukasalimika, ukinyamaza hung'olewa. Wakubwa gani hawa wasiofikiri! Marehemu mke wangu Mwanakheri, aliyetiwa kwenye mkoko huu, hakupata kuitika hodi ya mwanamume mgeni, aliniachia mimi. Ataanza leo?

"Mpake tu chokaa, bwana, yumo, ila haitikii wanaume wageni," nikamsihi mpimaji.

"Tulia, mzee. Hilo tumeshalirekebisha." Akagonga shina. "Hodi!"

"Karibu," ikaitika sauti ya mwanamume. Ilikuwa yangu.

"Si mlisema mnatia za marehemu tu?" nikamuuliza mpimaji.

Akapaka chokaa taratibu, akauinamia mti. "Ahsante, mzee," akauambia, akaenda zake.